Tatu Tano Sifuri

"Panda kimo tatu tano sifuri," redio ya masafa mafupi ilikwaruza.

"Napanda tatu tatu sifuri," rubani akajibu kutoka katikati ya Atlantiki.

"Sawa," kijana wa kituo cha kuongozea ndege akamalizia.

"Sawa nini, wewe?" Bi Rudia aliropoka nyumbani kwake, pasi mkononi juu ya shuka.

Miaka kumi na tisa alikikalia kiti cha kijana huyo, akiwafanya marubani warudie namba mpaka zilingane, hadi wenzake wakambandika jina hilo. Mwaka jana mkuu wa zamu aliandika kwamba anachelewesha kazi. Wakamwachisha kazi. Hasira ile bado ilikuwa mbichi.

Alifungua daftari lake, alimoandika kila ndege aliyoisikia. Mbele, kwenye njia ile ile, ndege nyingine ilikwenda polepole. Kimo chake: tatu tatu sifuri, futi elfu thelathini na tatu, kile kile alichokitaja rubani kwa makosa. Akapiga simu kituoni.

"Dada, wewe si wa hapa tena," alisema mkuu wa zamu.

"Rubani kakosea kimo, na kijana wako kamwitikia! Kuna ndege mbele yake. Muulizeni!"

"Redio za nyumbani hunasa mambo nusunusu. Pumzika, dada yangu."

Akakata. Alipopiga tena, akakata tena. Mara ya tatu Bi Rudia hakungoja salamu.

"Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa watakaokufa ni wengine! Nimeandika saa, dakika na sauti ya nani. Nitawasomea ndugu zao jina lako, mshenzi wewe!"

Simu ikakatika. Kisha redioni ikaja sauti ya mkuu mwenyewe.

"Thibitisha kimo."

"Tunapita tatu mbili sifuri, tunaelekea tatu tatu sifuri."

"Usipande! Baki hapo hapo!"

Rubani alirudia neno kwa neno. Bi Rudia akaketi. Dada yake aliyeishi naye aliingia mbio akainyakua pasi. Shuka lilikuwa limeshatoboka.

Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza.

"Ni mkuu wako," dada yake alisema, akichungulia kioo cha simu. "Pokea basi! Labda anataka kukurudisha kazini."

"Anataka ninyamaze."

Redioni ndege ya tatu ilikuwa inaita, rubani mwanamke mwenye mafua. Simu ilijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza. Bi Rudia alivuta daftari, akaandika saa.