Jure na Daraja Lililocheza

Wenzangu karibu wote wa Gig Harbor walichumbiwa juu ya daraja jipya la kwenda Tacoma. Tangu lilipofunguliwa kiangazi kile, upepo ukivuma tu, vijana waliwapakia wasichana garini wakaenda kulivuka likicheza. Barabara yake ilipanda na kushuka kama mawimbi, gari la mbele likazama lisionekane, likaibuka tena, wasichana wakapiga mayowe, na aliyefika Tacoma bila kutapika alihesabiwa mwanamume.

Nami Perina, kwa mdomo wangu mrefu, nilitangaza mbele ya mama na majirani: simkubali Jure Markovina mpaka anivushe siku ya upepo. Jure alikuwa mvuvi wa samoni, bahari haikumtisha hata kidogo, lakini daraja lilimtoa jasho.

"Bahari kupanda na kushuka ni kazi yake," alisema. "Barabara nayo ina sababu gani?"

Kila upepo ulipovuma alikuwa na udhuru. Mara gari bovu, mara tumbo, mara mazishi ya shangazi yake, ambaye jioni hiyohiyo nilimkuta dukani akichagua vitunguu.

Asubuhi moja ya Novemba upepo ulivuma kwelikweli. Nikamfuata Jure mashuani nikamwambia leo au basi. Alikuja akijikokota, kama anayepelekwa kung'olewa jino.

Tukakuta njia imefungwa, daraja linajipinda huku na huku. Uso wa Jure ukang'aa. Akamvaa mlinzi.

"Nipishe, bwana! Nina ahadi na mchumba wangu!"

"Rudi nyuma, kijana."

"Unanifanya mwoga? Nipishe, nasema!"

Mlinzi, aliyechoshwa na watu tangu alfajiri, akasogea kando. "Haya, shujaa, pita. Leo hata ushuru wa kuvuka hulipi."

Jure akameza mate. Akapiga goti. "Ngoja kwanza nifunge kamba za viatu."

Akafunga. Akahamia mguu wa pili. Akarudi wa kwanza.

"We Jure, unafunga viatu au unashona nyavu?"

"Nikijikwaa huko juu utamlaumu nani?"

Alikuwa bado ameinama mshindo ulipolia, na sehemu ya katikati ya daraja ikang'oka, ikatumbukia majini. Kwa ubishi wangu tungekuwa pale. Nikamkumbatia shingoni nikalia, kisha nikaangua kicheko katikati ya machozi, maana ndipo nilipomtazama miguuni: alikuwa amevaa mabuti ya mpira ya kuvulia, yasiyo na kamba hata moja.

"Perina," akanong'ona, "watajenga jingine. Utaningoja?"

"Inuka twende kwa padri," nikamwambia, "kabla hawajaanza."