Watoto Wote Wamfuate Mama

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba msimamizi wa dada yangu alijitafutia mwenyewe. Mimi nilimshikia taa tu.

Kampuni yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya stoo ya vipuri, na kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu na viyoyozi vya hoteli, maduka na zahanati. Kila mteja alikuwa na tiketi yake kwenye kompyuta, iliyoitwa tiketi mama. Chini ya mama walikaa watoto, yaani kila ubovu na tiketi yake: jokofu la jikoni halishiki baridi, kiyoyozi cha mapokezi kinavuja. Kila tiketi, ya mama au ya mtoto, ilikuwa na nafasi ya jina la mhusika. Mwenye jina ndiye wa kupongezwa, na ndiye wa kutukanwa.

Dada alikuwa mratibu. Alipokea simu, akawapanga mafundi, akafuatilia mpaka baridi irudi. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na kikao cha mwisho wa mwezi ndicho kingeamua kama atathibitishwa kazini au atafungashwa virago. Wazazi wetu walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo dada ndiye aliyekuwa baba, mama, na mtia saini wa ripoti zangu za tabia, ambazo zilihitaji saini nyingi kuliko za wasichana wengine bwenini. Likizo ile nilimfuata kazini kila asubuhi, kwa madai kwamba najifunza.

Msimamizi, mafundi walimwita Mkasi, kwa sababu hakuonekana ila palipo na utepe wa kukatwa. Mteja akishahudumiwa, Mkasi aliingia kwenye tiketi mama, akafuta jina la dada, akaandika lake. Watoto hakuwagusa, maana walikuwa wengi na yeye alikuwa mvivu. Mama Mkurugenzi naye alikuwa akitazama tiketi mama, kisha anateremka moja kwa moja kwa watoto waliochelewa. Basi juu, penye sifa, lilisomeka jina la Mkasi. Chini, penye uchafu, jina la dada.

Na uchafu ulikuwa wa Mkasi. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye maduka ya nyama. Maduka yake yote yalishatengenezwa isipokuwa moja, ambalo chumba chake cha baridi kilikuwa kimekufa. Mkasi aliagiza kompresa, ule moyo wa mashine ya baridi, isiyoingia pale, akasema yule bwana aahidiwe Ijumaa, na Ijumaa ilipofika akamwachia dada simu.

"Binti, unaniona mimi mwendawazimu?" yule bwana alinguruma hadi nikamsikia nikiwa meza ya pili. "Nyama yangu inatembea yenyewe humu ndani!"

Siku hiyo nilimkuta dada chooni, kwenye sinki, ananawa uso. Alinawa muda mrefu mno kwa mtu asiye na sabuni.

"Umeambiwa nini?"

"Hakuna."

"Dada."

Akafunga bomba. "Amesema kwenye kikao atapendekeza niondolewe. Eti ninachelewesha kazi." Akanitazama kwenye kioo. "Na wewe usifanye lolote. Nakujua."

"Mimi? Nifanye nini mimi, mtoto yatima?"

"Huo uso ndio uliouvaa siku viatu vya matroni vilipokutwa juu ya paa."

Kisasi ni chakula cha watu wenye subira, nami nilikuwa na njaa, lakini sikuwa na sufuria. Sufuria aliileta Mkasi mwenyewe kesho yake.

"We mtoto," alisema, akiegemea meza yangu na kikombe chake cha kahawa, "nasikia shuleni kwenu mnafundishwa kuandika skripti. Zile amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe."

Nikasimama, nikamwamkia kwa adabu yote ya shule ya bweni. "Ndiyo, bosi. Kidogo kidogo."

"Mama Mkurugenzi safari hii anataka kuona mpaka tiketi watoto zilizokamilika. Sasa mimi nitabadilisha moja moja mpaka lini? Nataka nikiweka jina langu kwa mama, watoto wafuate."

"Watoto wote, bosi?"

"Wote."

"Hata watukutu?"

"Mtoto ana hiari? Mama akihama, yeye abaki nyumba ya nani?"

Fundi mkuu, mzee mmoja aliyekuwa akifunga boksi la zana, alicheka mpaka akakohoa. "Hapo bosi umenena."

"Naomba niulize tena nisije nikakosea," nikasema. "Wote, bila ubaguzi?"

"Shule yenu wanafundisha kusikia, au hilo ni somo la mwakani?"

Msinielewe vibaya: Mkasi hakuwa mjinga. Ila hakuwahi kufungua tiketi iliyochelewa hata moja, kwa hiyo kichwani mwake hazikuwepo. Alipofikiria watoto, aliwaona wale waliooga.

Niliandika skripti kwa unyenyekevu mkubwa. Jaribio la kwanza nililifanya kwa tiketi za uongo, nikakosea: nilimfanya mama amfuate mtoto na mtoto amfuate mama, wakaanza kufukuzana kama mbwa na mkia wake, na kompyuta ikaganda. Nikakata njia moja. Kuanzia hapo jina lilitoka kwa mama kwenda kwa watoto, na halikurudi nyuma. Kila baada ya dakika chache skripti ingepita nyumba kwa nyumba, na mtoto yeyote aliyekutwa na jina tofauti na la mama angerudishwa kwenye ukoo.

Ningeweza kuunganisha na hali ya kazi pia, ili mama akifungwa, yaani akiandikwa amekamilika, watoto wote wafungwe. Nilikataa. Kumchafua Mkasi lilikuwa jambo takatifu, lakini chumba cha baridi kingesomeka kimepona na nyama ingeendelea kuoza. Kisasi changu kilikuwa na anwani moja tu.

Asubuhi ya kikao Mkasi aliweka jina lake kwa kina mama wote, mmoja baada ya mwingine, akipiga mluzi. Mimi nilipewa kazi ya projekta.

Mama Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na kwa sauti ile ndogo watu walikaa wima. Nikamfungulia orodha ukutani. Mkasi, Mkasi, Mkasi, toka juu hadi chini.

"Umefanya kazi nyingi mwezi huu," akasema.

"Tunajitahidi, Mama."

Mkurugenzi akamgeukia dada. "Binti, wewe sikuoni popote."

Katika mahesabu yangu yote, hilo sikuliona. Nilikuwa nimemvika Mkasi matope yote, na katika kumvika nikafuta kila kitu ambacho dada alikifanya tangu aingie pale. Mikono ya dada ilikuwa imeshikana mezani.

Mkasi alitikisa kichwa kwa huruma ya kukodi. "Ndiyo maana nasema, Mama. Ni binti mzuri, ana heshima, lakini kazi yenyewe..."

"Nionyeshe zilizochelewa," Mkurugenzi aliniambia.

Nikabonyeza. Mkasi, Mkasi, Mkasi.

Halafu simu ya Mkasi ikatetemeka mezani. Mfumo ulikuwa ukimtumia mteja namba ya mhusika mpya, na kumtumia mhusika kila neno ambalo mteja ameliandika, na wateja wetu walikuwa waandishi hodari. Ikatetemeka tena, ikatembea yenyewe hadi ukingoni. Kisha ikalia kabisa.

"Pokea," akasema Mkurugenzi. "Weka sauti ya juu."

"Wewe ndiye mhusika sasa?" Alikuwa bwana wa nyama. "Afadhali nimepata mwanamume! Kompresa iko wapi? Nimewapigia majirani wote magoti kwa ajili ya harufu!"

"Hapana, mzee, subiri, kuna makosa." Mkasi alikata simu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Mama, hizi si zangu."

"Jina ni lako."

"Ni kompyuta! Hizi tiketi ni za huyu binti. Mimi sijagusa hata moja!"

"Hata moja?"

"Naapa! Muulize fundi mkuu. Anayewapigia wateja ni huyu binti, anayewapanga mafundi ni yeye. Zote za kwake!"

"Ni kweli, Mama," fundi mkuu akasema kwa upole wa kutisha. "Hajagusa hata moja. Isipokuwa ile kompresa. Ile aliiagiza yeye, tukamwambia haiingii."

Mkurugenzi akanyoosha kidole ukutani. "Na zile zilizokamilika, msimamizi? Zile pia hukuzigusa?"

Mkasi alitazama ukuta, akatazama dada, akatazama simu iliyokuwa imeanza kutetemeka upya. Mtu hawezi kuapa mara mbili kwa mdomo mmoja ndani ya dakika moja, ingawa nilimwona akijaribu.

"Binti amethibitishwa kazini," Mkurugenzi akasema, akikusanya makaratasi. "Wewe utampelekea yule bwana baridi, na utakwenda mwenyewe. Mengine tutaongea ofisini kwangu."

Mchana dada alinivuta sikio hadi kwenye korido. "Ni wewe."

"Aliagiza mwenyewe."

"Umenifuta mbele ya Mkurugenzi, mjinga wewe. Ningefukuzwa kwa ajili ya ujanja wako!"

Nikasema samahani, na nilimaanisha. Akaniachia sikio.

Kupitia kioo tulimwona Mkasi kwenye meza yake. Alifungua tiketi ya chumba cha baridi, akafuta jina lake, akaandika la dada, akapumua. Skripti ikapita. Jina lake likarudi. Akafuta tena, likarudi tena. Dawa ilikuwa moja, na aliijua, kwa sababu ndiye aliyeiagiza: aondoe jina lake kwa mama. Kidole kilisogea hadi pale, juu kabisa, kwenye jina lake lililokuwa limeandikwa kwa herufi nene. Kikasimama. Kikateremka kwa mtoto.

"Nizime, dada?"

Dada alivuta kiti cha korido, akakaa, akakunja miguu.

"Usiguse," alisema.