Mafuta ya Nyonyo Siku ya Kuanua Matanga

Kilian alikuwa amekwisha apa: kidevu chake hakitanyolewa tena kikavu, hata ukoo mzima uje na kamba. Siku ya kuanua matanga ya mama yake alikubali maji baridi na wembe mmoja uliopita kwenye videvu vya wote. Loo! Uso ulimvimba, vipele vikatunga usaha, akalala ndani wiki nzima huku watu wakisema eti ni uchungu wa mama. Uchungu gani, jamani? Ni wembe!

Leo walikuwa wanaanua matanga ya baba yake, hapa hapa Namswea. Na kwao, mwana asiyenyoa siku hiyo kama desturi inavyotaka huhesabiwa kuwa hakumzika baba, na jembe la marehemu hapewi. Kilian alilitaka jembe lile. Ndilo lililochimba ngolo, yale mashimo ya shamba la mlimani, likamlisha tangu utoto.

Akafika na birika la maji ya moto, kitambaa, sabuni, wembe mpya na chupa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akajibu Urbani, mdogo wa marehemu, akikuna kidevu chake chenye vipele. "Hiyo chupa ya nini?"

"Mafuta ya nyonyo. Napaka kwanza ngozi ilainike, ndipo ninyoe."

Watu wakaguna. Mfiwa hapaki mafuta mpaka amalize kunyolewa. Hata watoto wa ukoo ule wanajua.

"Tangu biashara iwe huria na maduka ya Mbinga yajae malosheni, vijana mmekuwa kama mabibi harusi!" Urbani akafoka. "Paka uone. Jembe hulishiki."

Hasira ilimpanda Kilian mpaka masikioni. Thubutu! Akakaa kitako mbele yao. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakibandika usoni mpaka ndevu zikalegea. Akamimina mafuta kiganjani, akapaka taratibu, akatia povu, akanyoa akifuata ndevu zinakoelekea. Hata tone la damu halikutoka.

"Basi umejitoa mwenyewe," Urbani akasema.

"Sijitoi ng'o!" Kilian akasimama, kidevu kikimng'aa. "Malosheni ya dukani yaliniunguza, nikayatupa. Chupa hii nimeitoa chini ya kitanda cha baba. Ngozi hii nimeirithi kwake, na mafuta haya alinipaka yeye, ndevu zangu za kwanza zilipoota. Kama mafuta yanamtoa mtu kwenye ukoo, haya, nendeni mkamfukue baba, mumfukuze na yeye!"

Shangazi Mektilda, dada wa marehemu, akaichukua chupa, akainusa, machozi yakamtiririka.

"Ndiyo harufu ya kaka," akasema.

Akalitwaa jembe ukutani, akampa Kilian mkononi. Kisha akamgeukia Urbani.

"Na wewe, kaa hapo. Maji bado ya moto."