Swichi ya Upande wa Pili

Mashine ya kupigia pasi mashuka ilipomuunguza mdogo wangu mkono, bosi wetu pale kwenye duka la dobi alimwita shemeji yake aichunguze. Shemeji huyo ndiye fundi aliyeifunga pale. Aliizunguka mara moja, akasema mashine ni nzima, binti ni mzembe.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia bosi mbele ya watu, "Huyu anajikagua mwenyewe. Tuletee mtu asiye wako wala wetu, la sivyo mashuka ya wateja utayanyoosha wewe."

Akaja mkaguzi, mama mmoja mpole, mgeni kwetu sote, aliyekataa hata chai ya ofisini. Nilidhani atatuhoji. Badala yake aliomba mashine izungushwe ikiwa baridi, kila mmoja wetu apitishe shuka, na likijikunja aizime.

Tukapita mmoja mmoja. Shuka lilipojikunja, kila mtu aliinama juu ya rola inayopiga pasi na kunyoosha mkono hadi kwenye swichi, iliyofungwa upande wa pili. Mama alitazama tu.

"Mazoea mabaya hayo," shemeji alidakia. "Mwenye akili anazunguka."

"Labda," mama alisema. "Bosi, hebu jaribu na wewe."

Bosi akakunja mikono ya shati, akapitisha shuka kwa madaha. Likajikunja. Akainama haraka, akanyoosha mkono.

Kisha akatulia. Mkono wake ulibaki hewani juu ya rola, palepale ulipoungulia wa mdogo wangu.