Mashine Iliyochukia Vumbi

Mhandisi Njue aliponiajiri kupiga picha za majani ya viazi, nilimwambia hajawahi kupata mpiga picha kama mimi. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyotuponza.

Nina stashahada ya uhandisi wa kilimo. Nina pia Kiswahili ambacho nimekitumia kuwanyamazisha watu wenye shahada mbili. Ripoti za Njue nilikuwa nikimrudishia zikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, naye, masikini, alinishukuru. Mtu wa namna hiyo ukimpa kamera na miezi mitatu mashambani, hawezi kuifanya kazi kama wenzake. Lazima aipambe.

Kituo chetu cha utafiti pale Embu kilikuwa kinaunda mkokoteni mdogo wa magurudumu ya baiskeli, wenye kamera mbele na tableti juu. Unausukuma katikati ya mistari ya viazi. Jani zima linapata alama ya kijani kwenye kioo. Jani lenye blaiti, ugonjwa unaoozesha majani ya viazi, linapata nyekundu, siku tatu kabla jicho la mkulima halijaona doa. Ili mashine ijue tofauti, ilihitaji kuonyeshwa picha elfu nne, nusu za majani mazima, nusu za majani yanayougua. Zote elfu nne nilizipiga mimi.

Februari tukaupeleka mkokoteni Kibirichia, ujaribiwe mbele ya wageni watatu wa shirika lililogharamia utafiti. Shamba lilikuwa la Gladys, ambaye kila mtu humwita Mama Mutuma. Yeye hukuza viazi vya mbegu, na kikundi chao cha mbegu kina sheria moja isiyobembelezwa: shamba likikutwa na blaiti, viazi vyake vinaenda kuwa chipsi, na mwenyewe anakaa nje ya kikundi misimu miwili. Mwenyekiti wa kikundi, mzee Kailemia, alikuwa amekuja na daftari lake.

Nilitoa hotuba. Hakuna aliyeniomba, lakini nilitoa.

"Mashine hii haibahatishi," niliwaambia. "Haichoki, wala haina jirani wa kumpendelea."

Njue akaanza kusukuma. Mstari wa kwanza ukawa mwekundu mwanzo hadi mwisho. Wa pili vilevile. Kufika wa tano, kioo kilikuwa kama damu ya bucha.

"Imeharibika?" aliuliza mgeni mmoja.

"Haijaharibika," nikajibu, maana mdomo wangu huwahi kufika kabla yangu.

Mama Mutuma alisogea karibu. "Sasa hiyo kitu inasema nini?"

"Inasema uko na blaiti, Gladys," akasema Kailemia, akiandika. "Shamba yote."

"Blaiti wapi? Mwenyekiti, si uko na macho? Nionyeshe doa moja tu."

"Huyu msichana amesema inaona kabla ya macho. Siku tatu."

"Basi ngoja siku tatu!"

"Kikao cha mbegu ni kesho. Niwaambie mashine ya wasomi imesema ndiyo, na mimi Kailemia nikasema hapana?"

Mama Mutuma akanigeukia. "Wewe wa Embu. Jana umelala kwangu, umekula mukimo yangu ukaongeza. Na leo asubuhi hukunyamaza hata dakika moja. Sema kitu."

Nikafanya ninachofanya kila nikitaka kuonekana nina kazi: nikachomoa kitambaa mfukoni, nikachuchumaa, nikapangusa jani moja ili nilitazame. Shamba liko kando ya barabara ya murram, na malori ya viazi yalikuwa yamelimwagia vumbi tangu Krismasi. Kitambaa kikageuka rangi ya tofali. Kwenye kioo, jani lile likawa kijani.

Nikapangusa la pili. Kijani. La tatu, kijani.

Baba yangu, Mbarak, ana bucha mtaani Majimbo, pale Embu. Nimekua nikipangusa kioo cha bucha kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajafika. Kwetu kitu hakionyeshwi watu kikiwa na vumbi. Kwa hiyo kwa miezi mitatu, kila jani zima nililipangusa kabla ya kulipiga picha. Nililipangusa mbele na nyuma, nikasubiri na mwanga mzuri. Yale ya blaiti, yenye ukungu mweupe na majimaji ya kuoza, yalinitia kinyaa. Nilibonyeza kamera nikiwa mbali, bila kuyapangusa, kisha nikakimbia. Mashine nayo ilishika nilichoifundisha: linalong'aa ni zima, lenye vumbi linaumwa. Blaiti yenyewe haikuwahi kuijua.

Njue alikuwa ameelewa pia. Aliinama sikioni mwangu. "Zuleka, nyamaza. Tutasema shamba halikufaa kwa majaribio. Tutarekebisha tukifika Embu."

"Na kikao cha kesho?"

"Hiyo ni mambo yao."

"Hayo ni mambo yao, Injinia," nikamsahihisha. Ndiyo, hata wakati ule.

Nikasimama. "Mzee Kailemia, usiandike tena. Shamba halina kosa, kosa ni langu." Nikawaeleza wote, wageni wakiwemo, kuhusu kitambaa na kuhusu kinyaa. Kwa mara ya kwanza maishani nilitumia maneno machache.

Mama Mutuma akapiga makofi. "Yaani ulikuwa unaosha majani uso?"

"Kama watoto wa kupelekwa kanisani," akasema Kailemia. Hakucheka. Alipangusa jani kwa kidole chake mwenyewe, akatazama kioo, akapangusa lingine, akaendelea hadi la kumi na mbili. Ndipo akakata kwa kalamu alichokuwa ameandika. Kesho yake viazi vya Mama Mutuma vilipita kikaoni kama mbegu.

Picha elfu nne zikatupwa. Jumatatu Njue aliniita ofisini.

"Picha ni kosa la kazi, nimelisamehe," alisema. "Lakini umetuaibisha mbele ya wafadhili. Waandikie barua ya kuomba msamaha, ama mkataba wako unaisha Ijumaa."

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza nani aliharibu picha, aliziharibu vipi, na namna ya kupiga nyingine huku vumbi likiachwa lilipo. Njue alizisoma mara mbili, akazigeuza akatazama hata upande wa nyuma.

"Msamaha uko wapi?"

"Haupo."

"Zuleka, mstari mmoja tu. Wewe mwenye maneno yote haya."

"Kuharibu picha nimekiri, na jina langu nimeandika. Kusema kweli wakati Mama Mutuma anakaribia kufukuzwa siombi msamaha, Injinia. Siombi leo, na Ijumaa sitaomba."