Punje Ambazo Hazikusagwa

Vidole vya Matilda vilikuwa na unga wa muhogo, ndiyo maana alikosea kuandika nenosiri. Tovuti ya kuuzia ng'ombe ikamkatalia. Akabonyeza "Nimesahau". Mtandao wa pale kijijini Kasansa ukazunguka, ukazunguka, akabonyeza tena. Alijua ataambiwa aweke neno jipya, kama zinavyofanya tovuti nyingine.

Badala yake ikalia simu ya kaka yake Manyanda, kwenye mfuko wa shati, palepale uani. Namba iliyosajiliwa ilikuwa yake, maana ng'ombe ni wake. Matilda kazi yake ni kumwandikia matangazo, kwa kuwa Manyanda hajui kusoma.

"Dada, nisomee. Kuna mteja?"

Matilda akaipokea. *Nenosiri lako ni KabulaYukoKasekese.*

Kabula, binti wa Manyanda, alikuwa bado kidato cha pili na mahari yake imeshakubaliwa. Matilda mwenyewe ndiye aliyemtorosha kwa siri, akamficha Kasekese. Tovuti ilipomtaka aweke neno asiloweza kulisahau, aliweka hilo, lililomkosesha hata usingizi. Mwanawe Lidia, fundi wa kompyuta kule Mpanda, alishamwambia: "Mama, tovuti hulisaga nenosiri kama mahindi mashineni. Wenyewe wanabaki na unga tu, hawawezi kuurudisha kuwa punje. Ukirudi, wanasaga uliloandika, wanalinganisha unga na unga." Akaamini zote zinasaga. Kumbe hii ilizianika punje zake nzima nzima kwenye ungo.

"Wanasemaje?"

"Aa, mnada tu. Wiki ijayo." Akaufuta ujumbe, akajipangusa uso kwa kitenge.

"Shangazi anasoma kama anatafuna mfupa!" akacheka Ezekia, mchumba mwenyewe wa Kabula, aliyekuja na pikipiki na kuziweka funguo juu ya kigoda. "Mnada gani huo wa kukutoa jasho?"

Manyanda akachukua simu yake. Ikalia tena.

Kumbe alikuwa amebonyeza mara mbili! Matilda akanyoosha mkono, akachelewa.

"Haya, soma wewe mkwe, usiye na mfupa."

Ezekia akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Kicheko kikamwisha.

"Shangazi, hii Kasekese ni ile ya wilaya ya Tanganyika?"

"Kasekese kuna nini?" Manyanda akasimama.

Matilda akakisogelea kigoda, akakusanya kitenge chake, akaketi juu ya zile funguo za pikipiki. Chuma kikamchoma pajani.

"Sinyanyuki," alisema.