Mlango wa Mtoni

Tobias, mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu huku Nairobi, karibu na mtaa wa Tena, alikwenda Mombasa mara moja tu maishani mwake, na safari hiyo imetutesa sisi sote. Huko aliona jengo la makumbusho limesimama ufukweni, mlango wake unatazama bahari, watu wanashuka ngazi pana kuingia huku upepo ukiwapiga. Akarudi na picha hiyo kichwani. Kamati ilipokubali kujenga chumba cha kuhifadhi meli alizochonga baba yangu, Tobias alisema makumbusho ya meli yasiyo na maji ni stoo.

Maji tuliyo nayo ni mto unaopita bondeni, nyuma ya nyumba za mwisho. Una rangi ya chai ya jana, na harufu yake sitaki kuieleza. Upande wa juu kuna barabara, kanisa na duka la Jecinta. Mtu mwenye akili timamu angeweka mlango upande huo. Tobias akaweka huko ukuta mtupu, usio hata na dirisha, na mlango akauelekeza mtoni. Ukitaka kuingia unazunguka nyuma ya vibanda, unashuka ngazi zilizochimbwa kwenye udongo, unafuata ukingo wa mto umeshika pua, ndipo unaukuta mlango wenyewe, mwembamba wa kupita mtu mmoja. Ati mgeni aje kama mtu anayetoka majini. Mkutanoni watu walimpigia makofi. Mimi nilikuwa kazini, mahakamani Makadara, nikipiga chapa hukumu za watu wengine.

Baba yangu, Mzee Kimanzi, hana mguu wa kulia. Ugonjwa wa sukari uliuchukua, na sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Ujanani alikuwa kibarua bandarini Kilindini, akining'inia kwa kamba kupaka rangi pua za meli, kabla ya kurudi kwenye uchongaji wa wazee wake. Meli ndogo alichonga nyingi, lakini ile kubwa, ndefu kuliko mtu aliyelala, aliitoa kwenye gogo moja bila kiungo hata kimoja. Nyumbani kwetu kazi ya msasa hufanywa na yeyote, mke, mtoto, hata mgeni akikaa vibaya. Kiwi ya mwisho, ile dawa ya viatu inayong'arisha mti, ni ya mchongaji mwenyewe. Asipoipaka kwa mkono wake, kazi hiyo si yake.

Baba alianza kuipaka kutoka nyuma, akawa amebakiza pua tu. Siku moja nikampeleka kliniki, na tuliporudi tukakuta meli haipo. Tobias alikuwa ameibeba na vijana, kwa sababu haingepita kwenye ule mlango wake na ukuta wa mwisho ulikuwa karibu kufungwa. Waliiingiza kwa upande wa barabara, kisha Wekulo, fundi wa mawe, akaufunga ukuta. Yaani meli yenyewe iliingilia barabarani. Nikifikiria hilo hadi leo kichwa kinaniuma.

Basi meli haitoki na baba haingii. Na tulikuwa tumeshapanga kwamba siku itakayofuata ufunguzi kaka yangu Muasya atamchukua baba, akakae naye Mwala moja kwa moja. Baba alijua harudi tena Nairobi.

"Siendi nimeacha kazi nusu," aliniambia. "Nisije kuulizwa."

Wekulo, kwa huruma yake, alijitolea kumbeba mgongoni hadi chini.

"Mgongoni nilibebwa na mama yangu," baba akamjibu. "Imetosha."

Nikaenda kwa Tobias. Nilimkuta anakunywa chai.

"Nthenya dadangu, usijali," akasema. "Mzee tutamweka pale juu barabarani, tumwekee na spika. Atasikia kila kitu."

"Asikie meli?"

"Sasa unataka nifanye nini? Nikileta mlango barabarani, watu watakuwa wanapita tu na kuingia."

"Ndiyo, Tobias. Waingie."

Alinitazama kwa masikitiko, nikaona bora niondoke kabla sijamwagia mtu chai.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua zimeanza. Siku ya ufunguzi kulikucha ngazi zimekuwa tope tupu. Diwani alifika na viatu vyeupe, akachungulia bondeni, akasema ataanza kwa kusalimia wananchi hapo hapo juu. Wananchi nao hawakuwa na haraka ya kushuka. Tobias alishuka peke yake na mkasi wake wa kukatia utepe, akapiga kelele kutoka chini kwamba kila kitu kiko tayari. Hakuna aliyesogea. Baba alikuwa amekaa mbele ya ule ukuta mtupu, kopo la kiwi na kitambaa mapajani, anautazama tu. Hapo ndipo hasira iliponipanda hadi nikalia. Nikamvuta Wekulo kando.

"Ulifungia wapi?"

"Hapa." Akagusa ukuta kwa kiganja. "Simiti iliisha, nikatia udongo. Lakini Tobias atanimaliza, madam."

"Mwambie ni mimi."

Alikwenda kwa Jecinta kuazima nyundo. Jiwe la kwanza lilitoka kwa shida, mengine yakafuata bila ubishi, na vijana wale wale walioibeba meli wakayapokea na kuyapanga kando. Hakuna aliyewatuma. Ukuta ulifunguka hadi chini, na pale pale penye mwanga ikatokea pua ya meli, imepauka, imetuelekea sisi. Nyuma yake, kwenye ule mlango wa mtoni, alisimama Tobias, tope hadi magotini.

"Hapo si mlango," akasema.

Baba alizungusha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akaingia hadi pua ile ikamfikia kifuani. Akafungua kopo, akachota kiwi kwa kidole, akaanza kusugua.

Nyuma yangu watu walianza kusukumana kuja kuona. Diwani alikuwa wa mbele, ameshainua kiatu kuvuka mawe.

"Wangoje," baba akasema, bila kugeuka. "Haijaisha."

Diwani akarudisha mguu. Tukangoja barabarani, sote, na Tobias kule ndani na mkasi wake, mpaka mzee alipomaliza.